Akilesi, Liyongo na mama wa Uvira



Nina ugomvi kidogo na sisi tunaofanya ukalimani huku Texas. Nilimsindikiza mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, kliniki hapa Houston. Daktari akauliza kama huwa anapata "panic attack". Mkalimani wa kwenye simu akafyatua: "Je, unapata mashambulizi ya hofu?" Mama wa watu akaanza kueleza usiku ule askari walipoingia kijijini kwao. Dakika kumi nzima. Akatoka analia, na swali la daktari halijajibiwa.

Kiingereza mkalimani alikijua, sikatai. Ila neno hakulichungulia ndani. "Panic" ni la Pan, mungu wa wachungaji wa Kiyunani mwenye miguu ya mbuzi, aliyesemwa kuwatia watu kiwewe porini pasipo na adui yeyote. Na hiyo ndiyo maana aliyoitaka daktari: hofu ya ghafla isiyo na sababu ya kuonekana. Si angesema tu, "Huwa unashikwa na hofu ya ghafla, moyo ukaenda mbio?" Shambulizi kwa mtu wa Kivu ni la bunduki.

Sasa "Achilles heel". Magazeti yetu yanaandika "kisigino cha Achilles" kana kwamba msomaji amenyonya hadithi hiyo kwa mama yake. Nilipokuwa nafundisha Dallas nilijidai nimepata dawa: "kitovu cha Liyongo". Maana Fumo Liyongo naye hakufa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Steere aliichapa habari yake mwaka 1870, Muhammad Kijumwa akaitungia utenzi mwaka 1913. Wanafunzi walifurahi, nami nikavimba kichwa. Lakini yule mama wa Uvira Liyongo wa Lamu na Pate atamjulia wapi? Kwake ni mgeni sawasawa na Akilesi! Kitovu cha Liyongo kibaki kwenye makala zetu. Kliniki sema "mahali pake pa udhaifu", na ule mshipa wa mguuni uite mshipa wa nyuma ya kisigino, basi.

Majina ni kesi nyingine. Hapa Houston, mji ulioongoza safari za Apollo, sasa wimbo ni Artemis, dada yake pacha, na waandishi wetu wanalinakili kama lilivyo. Kumbe Biblia ya Union ya 1952 ilishatupa Artemi, Zeu na Herme katika Matendo ya Mitume, wakati Waingereza wa King James, 1611, waliandika Diana, Jupiter na Mercurius, yaani majina ya Kirumi. Kiswahili kilikwenda kwa Myunani mwenyewe! Mimi nitaandika Artemi. Apolo naye yumo humo humo, ila msichanganye: huyo ni mhubiri wa Aleksandria.