Fazi Inayokohoa: Shika Mita Kabla ya Pasi

Pedali iliyoletwa mezani ni nakala ya Fuzz Face, saketi iliyotoka London mwaka 1966 na kupata sifa miguuni pa Jimi Hendrix: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na betri ya volti 9. Ukiizima, gitaa linapita vizuri tu. Ukiiwasha, sauti inakuwa nyembamba, na noti inakatika kabla haijamalizika. Mwenyewe alikuwa ameshapitisha pasi kwenye kila lehemu. Tabia hii siipendi hata kidogo. Lehemu ikipashwa bila sababu, shaba ya ubao hubanduka na kapasita huungua, halafu hujui tena kosa la awali lilikuwa lipi.

Kwa kuwa gitaa lilisikika pedali ikiwa imezimwa, jeki na nyaya zake zilikuwa nzima. Tukaliweka gitaa kando, tukachukua mita: ncha nyeusi kwenye ethi, nyekundu kwenye kolekta ya transista ya pili. Mahali hapo panatakiwa pasome karibu volti 4.5, nusu ya betri, ili wimbi la sauti lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Pakisoma 9, transista haipitishi kitu. Hii ilisoma kama volti 1, na emita yake karibu vivyo hivyo. Maana yake transista ya pili ilikuwa imefunguka yote.

Lakini dalili ikiwa kwa ya pili, mshukiwa ni ya kwanza. Kolekta ya kwanza imeungwa moja kwa moja na besi ya pili, bila kapasita katikati. Ndiyo inayoizuia isifunguke kupita kiasi. Nayo emita ya pili hurudisha umeme kidogo kwenye besi ya kwanza kupitia rezista ya kiloomu 100. Ya kwanza ikidhoofika, ya pili haina wa kuishika.

Tukasoma maandishi kwenye transista zenyewe: BC547. Mchoro ulitaka 2N3904. Zote ni NPN, zote za plastiki nyeusi yenye ubavu mmoja bapa. Ukielekeza ubavu huo kwako, miguu ikiwa chini, 2N3904 kuanzia kushoto ni emita, besi, kolekta. BC547 ni kolekta, besi, emita. Mtego uko hapo: besi imebaki mahali pake, na transista iliyogeuzwa haifi. Inafanya kazi, ila ukuzaji wake unaanguka kutoka mamia hadi kiwango duni kabisa, ndiyo maana pedali ilikohoa badala ya kunyamaza. Ingenyamaza, kosa lingeonekana mapema.

Zilipogeuzwa, fazi ikalia, lakini mita ikasoma volti 3 hivi. Mchoro ule, ingawa ulitaka 2N3904, ulibeba thamani za rezista zinazofaa transista za gemaniamu, na hizi ni za silikoni. Besi ya kwanza ya silikoni hukaa karibu volti 0.6; ongeza kidogo kinachopotea kwenye ile rezista ya kiloomu 100, na emita ya pili inasimama karibu 0.7. Gawanya kwa potenshomita ya kiloomu 1 iliyo kati ya emita hiyo na ethi, unapata miliampea 0.7. Umeme huo ukipita kwenye rezista za kiloomu 8.2 na omu 470, volti 6 zinaliwa. Tukaitoa ile ya 8.2, tukaweka ya kurekebisha kwa bisibisi na kuizungusha taratibu hadi mita ikasoma 4.5. Ilisimama karibu na kiloomu 6.

Wapo watakaosema tungerudi kwenye gemaniamu za asili. Utamu wake siupingi, ila uvujaji wake wa umeme huongezeka karibu maradufu kila joto likipanda nyuzi 10, na jukwaa la Mombasa mwezi Februari si London.

Silikoni nayo ina kero yake: huweza kunasa redio. Likitokea hilo, kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na besi ya transista ya kwanza kwa kawaida hulimaliza.