Je, Kifo Husawazisha? Tafakuri Kuhusu Al-Inkishafi

Aghalabu wasomaji wa Al-Inkishafi huufupisha ujumbe wake kwa kauli moja: kwamba kifo huwafanya wanadamu wote kuwa sawa. Mwandishi wa makala haya naye aliifundisha kauli hiyo kwa miaka kadhaa. Madhumuni yetu hapa ni kuonyesha kwamba utungo wenyewe hauikubali kwa wepesi huo.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utungo huu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati utukufu wa Pate ulikuwa umekwisha kuporomoka. Mtunzi anausuta moyo wake kwa kuupenda ulimwengu, kisha anauonyesha magofu ya Pate. Taa zilizong'aa zimezimika. Madaka ya ukutani, yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure, sasa yamekaliwa na makinda ya ndege, na popo wananing'inia juu. Waliolala kwenye vitanda vya fahari wamefukiwa makaburini.

Tujiulize basi: katika magofu haya, maskini yuko wapi? Mwingereza James Shirley, katika shairi lake maarufu kuhusu kifo lililochapishwa mwaka 1659, anawalaza mfalme na mkulima katika udongo mmoja, na usawa wao unadhihirika papo hapo. Katika Al-Inkishafi hatuonyeshwi kaburi la mtumwa wala la mvuvi. Watumishi wanatajwa wakiwastarehesha mabwana zao, kisha wanatoweka pamoja na starehe hizo. Kifo kinamshusha mkubwa, lakini hatuoni popote kikimpandisha mdogo.

Usawa unatokea baadaye, mtunzi anapoifikia Siku ya Kiyama. Hapo aliyedhulumiwa anasimama na kumshtaki mbele ya Mola yule aliyemdhulumu, naye anasikilizwa. Fidia hailipwi kwa dhahabu wala kwa fedha, bali kwa thawabu za mdhalimu. Akiwa hana thawabu, anatwikwa madhambi ya mdhulumiwa. Kwa hiyo ni hukumu, wala si kifo, inayowaweka mnyonge na mwenye nguvu kwenye mizani moja. Hukumu hiyo nayo inawatenganisha watu upya, ndiyo maana mtunzi anaendelea hadi kwenye maelezo ya moto wa Jahanamu na tabaka zake.

Huenda mhakiki akadai kwamba kimya kuhusu kaburi la mnyonge ni kasoro ya mtunzi wa tabaka la juu. Ni kweli kwamba Sayyid Abdalla alikuwa sharifu, wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim. Hata hivyo, yeye hasemi na wanyonge. Anasema na moyo wake mwenyewe, na kupitia huo anasema na watu wa daraja yake, akiwakumbusha deni ambalo kufa hakulifuti.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Kauli kwamba kifo husawazisha ni rahisi kugeuzwa kuwa liwazo: maskini huambiwa avumilie, kwani kaburi litamaliza tofauti zote. Al-Inkishafi haitoi liwazo hilo, wala haimpi mdhalimu nafasi ya kujificha kaburini. Mwanafunzi anayeusoma utungo huu na aanze kwa kuuliza ni nani anayeambiwa maneno haya, na anadaiwa nini.