Chombo cha Maziwa na Elimu Iliyomo

Msomaji, ukiambiwa utaje kazi ya sanaa, huenda ukataja picha iliyotundikwa ukutani au sanamu ya mawe. Ni wachache watakaotaja chombo cha maziwa. Hata hivyo, katika nyanda kavu za Garissa, Wajir na Mandera kiko chombo kiitwacho haani, ambacho wanawake wa Kisomali hukisuka kwa nyuzi za mimea. Yafaa tukihukumu kama tuhukumuvyo shairi: tuulize kila sehemu yake yafanya kazi gani, ndipo tuamue kama uzuri wake ni wa kweli.

Tuanze na kitako. Msusi hukizungusha kisuko kama gamba la konokono, akikishona kando ya kile kilichotangulia. Kila mzunguko mpya hauna budi kuuzidi uliotangulia kwa kiasi kile kile, yaani mara 6 na robo hivi ya unene wa kisuko. Akipunguza kiasi hicho, kitako hukataa kulala bapa, kikaanza kuinuka. Na hapo ndipo ubavu wa chombo uanzapo. Mwalimu wa hisabati huliandika jambo hili ubaoni kwa alama. Msusi hulijua kwa vidole. Basi, mistari tuionayo ubavuni si pambo lililobandikwa. Ndiyo hesabu yenyewe.

Na maziwa je, mbona hayavuji? Nyuzi hufura zikilowa, zikabanana. Tena, kabla ya kutiwa maziwa, chombo hufukizwa kwa makaa ya kuni teule. Moshi una kemikali zizuiazo vijidudu viharibuvyo maziwa, nao huyaachia ladha ipendwayo na wanywaji. Hapa kemia na upishi havitengani. Vyombo vingine hupambwa kwa kauri, makombe madogo ya Bahari ya Hindi. Kauri hazizuii maziwa kumwagika. Lakini zatukumbusha biashara ya kale kati ya pwani na bara, na hiyo ni historia.

Lakini mhakiki mwaminifu hasifu tu. Moshi hauchukui nafasi ya kuchemsha: ugonjwa wa bruselosisi waweza kupita katika maziwa mabichi, hata chombo kikifukizwa vema. Tena kusuka ni kazi ndefu, wala mama aendaye sokoni hastahili lawama akichagua mtungi wa plastiki, ulio mwepesi na wa bei nafuu. Ila mtungi nao una kasoro: shingo yake nyembamba hairuhusu mkono kuingia kuusugua, wala hauwezi kutiwa makaa ya moto.

Haani ikibaki katika kabati la kioo la makumbusho peke yake, umbo litahifadhiwa, lakini hesabu ya vidole na ujuzi wa kuni vitapotea pamoja na wasusi.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukikiona chombo hiki kwa bibi yako, usiseme tu kwamba ni kizuri, kisha ukakirudisha mahali pake. Pima mzingo wake, hesabu mizunguko, kinuse. Muulize aliyekisuka alifunzwa na nani, na ni kuni zipi azifukiziazo, na kwa nini hizo. Kisha uandike majibu yake, kwa maana mengi ya hayo hutayakuta katika vitabu vya shule.