Mwali ni wa nani? The Zawose Queens ugenini

Albamu ya Maisha ya The Zawose Queens niliisikiliza mara ya kwanza ndani ya treni, nikitoka Dar kwenda Dodoma kumwona bibi mzaa mama. Nimechelewa, najua. Ilitoka 2024, na mwaka huohuo Pendo na Leah Zawose walikuwa Uingereza wakizunguka na muziki wao, Glastonbury ikiwemo. Yaani Waingereza waliwasikia, wakawaandika, wakawapigia makofi, kabla mimi mwandishi wa habari ninayeishi jirani kabisa na Bagamoyo sijajua kwamba wana albamu. Nalisema hili mapema, maana chini nitawasema wengine.

Kwa asiyewajua: Pendo ni binti wa Hukwe Zawose, Leah ni mjukuu wake. Hukwe ndiye yule bingwa wa ilimba na zeze kutoka Doduma, ambaye Mwalimu Nyerere alivutiwa naye akamwita Dar, na ambaye baadaye alihamia Bagamoyo na kuishi huko mpaka alipofariki Desemba 2003. Mwaka 2002 alikuwa Marekani akifungua maonyesho ya Peter Gabriel. Kwa hiyo ukoo huu kwenda ugenini si jambo jipya. Jipya ni nani anakaa mbele. Miaka yote hiyo wanawake wa nyumba ile walikuwa waitikiaji, wachezaji, wapiga ngoma. Sasa wanatunga na kuongoza wao.

Uhakiki wa Kiingereza nilioupitia unasifu sauti, na una haki. Sauti za Kigogo zinapandana, zinakwaruzana kidogo, halafu zinapatana pale ambapo hukutegemea. Tatizo langu ni kwamba zinasifiwa kama mtu anavyosifu mvua, kitu kilichonyesha chenyewe. Msomaji hajui kama kuna mtu alikaa chini akatafuta neno, akalitupa, akatafuta jingine. Ila kabla hatujawacheka, sisi je? Huku kwetu ngoma hii tumeipa kazi ya kupokea wageni uwanja wa ndege. Mgeni rasmi anashuka, njuga zinalia dakika tano, anapunga mkono, magari yanaondoka. Nani kati yetu ameshawahi kuandika uhakiki wa ngoma ya uwanja wa ndege?

Kuhusu albamu yenyewe, watayarishaji wake, Oli Barton-Wood na Tom Excell, wameongeza mguso wa kielektroniki hapa na pale. Sina ugomvi na hilo. Babu mwenyewe alirekodi albamu ya Assembly na Michael Brook, na gitaa la umeme halikumuua. Lakini kuna sehemu nahisi sauti hizo za mashine zinafanya kazi ya kulainisha, kama mtu anayemtafsiria mgeni kabla mgeni hajauliza. Ninazozipenda ni zile zinazoachia ngoma na sauti peke yake, na wimbo uitwao Muheme ndio niliourudia mpaka Morogoro.

Ndio huo pia niliomwekea bibi, jioni, kwenye simu. Kigogo changu ni cha salamu tu, nikitaka zaidi lazima nimuulize mwenyewe. Nilitegemea atanifasiria maneno. Alisikiliza kidogo, kiganja kikigonga paja, halafu akauliza:

“Mwali ni wa nani?”

Nikamwambia, bibi, hakuna mwali, ni albamu.

“Sasa wanampigia nani?”

Swali hilo sikulikuta kwenye gazeti lolote. Muheme kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake, inabanwa kati ya mapaja na kupigwa kwa mikono, na mahali pake pa jadi ni kwenye unyago wa wasichana. Na tuseme wazi, maana wanaoandika “utamaduni wa kale” huwa wanaruka hapa: unyago huo ulikwenda pamoja na ukeketaji. Sheria ya 1998 imepiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado Dodoma ni kati ya mikoa inayotajwa kila ukeketaji unapozungumzwa. Ngoma iliyokuwa inafunika kilio cha mtoto, leo inapigwa jukwaani Uingereza, wanawake wakiwa ndio wenye wimbo, na hakuna mtoto anayelia. Hapo sioni hasara. Mimi nasema hiyo ni safari ndefu kuliko ya ndege.

Bibi hakukubaliana nami moja kwa moja. Hakutetea kisu, yeye mwenyewe hataki kukisikia. Alichosema ni kwamba ngoma ile ilikuwa na mtu katikati. Wapigaji walimtazama yeye. Mtungaji alikuwa anajua anamwambia nani, na maneno yalibadilika kufuatana na msichana, mama yake, na mahari ya dada yake iliyoleta maneno mwaka jana. Ukiondoa mtu wa katikati, maneno yanabaki yanaelekea wapi?

Nimelifikiria sana, na nadhani hapa ndipo uhakiki wa kazi hii unapopaswa kuanzia, badala ya kuanzia kwenye “midundo inayokufanya ucheze”. Pendo na Leah wamelazimika kutunga nyimbo zisizo na mwali. Kwa maoni yangu wamejiweka wenyewe katikati, wanawake wazima, na hicho ndicho kinachozipa sauti zao ule uzito ambao Waingereza wanausikia bila kujua unatoka wapi.

Nikamwonyesha bibi video ya onyesho moja la huko. Aliisogeza simu karibu na macho, akatazama miguu ya wachezaji kwanza, ndipo nyuso.

“Wanapiga vizuri,” akasema. “Na hao wazungu, nani anaitikia?”

Nikasema wanajaribu, bibi.

“Ongeza sauti niwasikie.”