Mshindi wa Pili

Karibu kila historia ya Simba niliyowahi kuisoma huanzia mwaka 1936 na kuishia kabatini. Aya ya kwanza ni ya majina: Queens, Eagles, Sunderland, kisha Simba mwaka 1971. Aya ya pili ni ya kutengana na Yanga, kisa ambacho kila upande una namna yake ya kukisimulia. Baada ya hapo mwandishi huacha kusimulia, anaanza kuhesabu. Ubingwa wa ligi, mara kadhaa. Kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, mara sita: 1974, 1991, 1992, 1995, 1996, 2002. Halafu, karibu na mwisho, mstari mmoja: Kombe la CAF 1993, mshindi wa pili.

Nataka kuuhakiki mstari huo. Niseme mapema kwamba mimi ni Simba wa kurithi, kwa hiyo msomaji wa Yanga anaruhusiwa kucheka kuanzia hapa.

Katika fainali ya timu mbili, mshindi wa pili ni yule aliyefungwa. Kiswahili kimetupatia neno la adabu, lile lile tunalompa mtoto aliyemaliza mbio za shule nyuma ya mwenzake, na waandishi wa historia za klabu wamelipenda kwa sababu linawawezesha kulitaja jambo bila kulieleza. Lakini siku ile ya Novemba 1993 haikuwa mbio za shule. Simba ilikuwa imewatoa El Harrach wa Algeria, ikawatoa Aviação wa Angola katika nusu fainali, ikaenda Abidjan kucheza na Stella na kurudi na sare ya 0-0. Kilichobaki ni mechi moja nyumbani, Uwanja wa Taifa, ule tunaouita Uhuru siku hizi. Stella ilishinda 2-0. Yote mawili alifunga Boli Zozo. Hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imewahi kufika fainali ya mashindano ya Afrika kabla ya hapo, na ilipita miaka 30 mpaka nyingine ikafika. Tukio la ukubwa huo limepewa maneno matatu.

Mtu akitaka zaidi ya maneno matatu, anakwenda kijiweni. Huko kisa kipo, kirefu, na mimi nimelelewa nacho. Baba yangu alikuwa uwanjani siku ile. Alikuwa kijana wa miaka 23, alitoka Morogoro kwa basi, na kwa kadiri ninavyokumbuka hajawahi kupitisha mwaka bila kunisimulia. Masimulizi yake hayaanzi na mpira. Yanaanza na magari. Wachezaji, husema, waliahidiwa kila mmoja gari jipya aina ya KIA wakichukua kombe, na usiku wa kuamkia mechi hawakulala, walikuwa wanachagua rangi. Baba husema hivyo kana kwamba alikuwa chini ya vitanda vyao. Huhitimisha kwa sentensi moja: "Magari ndiyo yaliyotufunga."

Kisa cha magari hakikutungwa nyumbani kwetu. Utakisikia Kariakoo, utakisikia Mwanza, na mashabiki wa Yanga wanakijua vizuri kuliko sisi. Ahadi ya zawadi kabla ya fainali si jambo la ajabu, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kazi ambayo ahadi hiyo inafanyishwa. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilisoma ngano nyingi kuliko afya ya akili inavyoruhusu, na ndipo nilipomtambua baba katika foleni ya watambaji. Magari ya KIA ni nyama ya fisi wa njia panda. Fisi ananusa harufu kutoka njia mbili, anataka zote, anapasuka. Ni muundo wa ngano za tamaa: kuna kishawishi, kuna pupa, kuna adhabu. Msikilizaji anatoka ameridhika kwa sababu dunia ina mpangilio, na mwenye tamaa amelipwa haki yake.

Tatizo ni kwamba fisi hana mpinzani. Anajipasua mwenyewe. Ukikisikiliza kisa cha 1993 kwa makini utagundua kwamba Stella Abidjan hawamo. Hawana kocha, hawana kipa, hawana mbinu. Boli Zozo yumo kwa jina tu, kama mvua ya mawe. Timu iliyokuja ugenini kwenye uwanja uliofurika, ikafunga mabao mawili bila kufungwa hata moja, imefutwa kwenye fainali iliyoishinda. Tamaa inaonekana kama kujilaumu, kumbe ni kujisifu kwa mlango wa nyuma: tulifungwa na sisi wenyewe, maana nani mwingine angetuweza?

Sikuamini nadharia yangu mpaka nilipoijaribu kwenye kisa cha ushindi. Mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo. Orodha inasema "hatua ya makundi". Kijiwe kinasema usiku kucha. Na katika kisa hiki mpinzani ni jitu. Zamalek wana urefu, wana makombe, wana uwanja unaonguruma. Ndiyo maana mikono ya Juma Kaseja na penalti ya mwisho ya Christopher Alex vinakuwa na uzito. Tunajua kabisa namna ya kumjenga mpinzani. Tunamjenga tukiwa tumemshinda, akitushinda tunambomoa. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri, na sijawahi kukutana na mzee wa Msimbazi anayeweza kunitajia mchezaji mmoja wa Mehalla.

Kwa hiyo tuna aina mbili za historia, na zote mbili zinakwepa. Orodha inakwepa kwa kunyamaza, kijiwe kinakwepa kwa kusema sana.

Wanaotusaidia, inaniuma kukiri, ni watani. Kati ya 2019 na 2024 Simba ilifika robo fainali za mashindano ya Afrika mara tano, na mara zote tano ikaishia hapo: TP Mazembe, Kaizer Chiefs, Orlando Pirates, Wydad, Al Ahly. Katika orodha ya mafanikio hizo ni fahari tano. Mashabiki wa Yanga walizitazama fahari hizo hizo wakatuita Mwakarobo. Naliona hilo kuwa mojawapo ya maneno bora yaliyotungwa katika Kiswahili cha mtaani kwa miaka ya karibuni. Limechukua "Mwaka-" ya majina ya ukoo ya Mbeya, limeibandika "robo", likatuzalia ukoo mzima wa watu wasiovuka. Silabi nne, na ndani yake mna takwimu, hukumu na kicheko. Hakuna mwandishi wa historia ya klabu aliyewahi kuandika sentensi yenye mzigo huo.

Ila nalo lina upofu wake, na hapa namtetea mnyama. Robo fainali ya kwanza kati ya hizo ilipatikana kwa njia ambayo si orodha wala utani unaoweza kuieleza. Kundi lilikuwa na Al Ahly, AS Vita na JS Saoura. Simba ilifungwa 5-0 Kinshasa, ikafungwa 5-0 Misri, ikafungwa 2-0 Algeria. Nyumbani ikashinda zote: 3-0, 1-0, 2-1. Ikafuzu ikiwa imefunga mabao 6 na kufungwa 13. Soma tena: 13. Ilikuwa timu inayofedheheshwa ugenini na kurudi Dar es Salaam kana kwamba hakuna kilichotokea. Tambo la "Kwa Mkapa hatoki mtu" lilichota nguvu kwenye aibu hiyo. Kukiita hicho "robo fainali 2018/19" ni sawa na kumwelezea bibi yako kwa namba ya kitambulisho.

Yanga nao, wasije wakadhani wamepona. Mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 2-1 na USM Alger nyumbani, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Watani wangu huniambia, "Sisi hatukufungwa, tulinyimwa na kanuni." Nawaelewa. Ni magari ya KIA ya kijani na njano. Bao mbili za Waalgeria pale Temeke zimeshapotea kwenye masimulizi, na bado wenye kumbukumbu hiyo hawajaota mvi.

Mei 2025 ikawa zamu yetu tena. Fainali ya Kombe la Shirikisho, RS Berkane ya Morocco. Mkondo wa kwanza tulifungwa 2-0 kwao. Wa pili haukuchezwa kwa Mkapa, ulipelekwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Nilikwenda Morogoro kuangalia na baba, kwenye kibanda umiza cha jirani, mabenchi ya mbao na joto la watu. Joshua Mutale alifunga mapema, kibanda kikapanda. Kisha tukapata kadi nyekundu, bao letu jingine likakataliwa na VAR, na katika dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. 1-1.

Watu hawajamaliza hata kutoka, baba akaanza. "Ingekuwa kwa Mkapa..." Niliyasikia matofali ya kisa kipya yakipangwa: uwanja, VAR, kadi. Miaka 30 ijayo nitakuwa nakisimulia mimi.

"Baba," nikamuuliza, "mwaka 93, bao la kwanza la Stella liliingiaje?"

Alinitazama kama niliyemuuliza mshahara wake. "Sikumbuki bao."

"Unakumbuka nini?"

Alichukua muda. Akasema anakumbuka kwamba hakuwa na nauli. Fedha zote ziliishia kwenye basi la kuja na kiingilio, na alikuwa amepanga kwamba tukishinda asingekosa mtu wa kumbeba, maana siku ya furaha hakuna anayedai. Hesabu hiyo haikuwa na mstari wa kufungwa. Alikaa pale kwenye zege mpaka watu wakapungua. Mtu mmoja wa Yanga aliyekuja kushangilia wageni akamwona, akamcheka. Akamcheka njia nzima mpaka Kariakoo. Usiku akampa mahali pa kulala, na asubuhi akamlipia basi.

"Huyo hujawahi kunisimulia."

"Utamsimulia mtu hivyo, mama? Yanga akulipie nauli?"

Tulitoka. Barabarani vijana walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu kadi. Baba alitembea kimya kidogo, halafu akasema, bila kunitazama, "Wale Stella walikuwa wanajua mpira." Nimesoma fasihi miaka mitano na bado nilishtuka: katika maisha yangu yote ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiwapa Stella kitenzi.

Tulipofika karibu na nyumbani akaniuliza Berkane ni mji wa upande gani wa Morocco. Nikamwambia kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Algeria.

"Kumbe," akasema, akasukuma geti.