Mzee wa Zeze na Waandishi wa Zakopane

Katika nchi ya Polandi, upande wa kusini, upo mji mdogo uitwao Zakopane, chini ya milima ya Tatra. Kutoka Kraków mpaka huko ni kilomita 100 hivi. Zamani kilikuwa kijiji cha wachungaji wa kondoo, watu maskini, mashamba yao mawe matupu. Siku hizi watu huenda huko kwa wingi kupumzika na kuteleza juu ya theluji. Lakini mimi sitaki kusema habari za theluji. Nataka kusema habari za vitabu, kwa maana ni vijiji vichache vya Ulaya vilivyotoa vitabu vingi kama hicho.

Mambo yalianza hivi. Paroko wa kwanza, Padri Józef Stolarczyk, alifika mwaka wa 1848, akakaa mpaka alipokufa mwaka wa 1893. Alikuwa mpanda milima hodari, akaandika pia kitabu cha habari za parokia yake. Mwaka wa 1873 akaja daktari kutoka Warszawa, jina lake Tytus Chałubiński, akaona hewa ya huko yawafaa wagonjwa wa kifua. Wagonjwa wakaja, na pamoja nao wachoraji na waandishi. Wakati ule Polandi haikuwa na serikali yake; Urusi, Prusia na Austria ziligawana nchi yote. Basi wasomi wale walipowasikia wachungaji wakisema lugha yao ya mlimani, walifurahi kama mtu aliyekuta mali ya babu yake aliyodhani imekwisha kuibwa.

Kati ya wachungaji wale alikuwako mzee mmoja, Jan Krzeptowski, aliyeitwa na wote Sabała. Alizaliwa mwaka wa 1809. Alikuwa mwindaji, mpiga zeze, na mtu wa hadithi. Daktari alimchukua katika safari zake za mlimani, na jioni mzee alipiga zeze na kusimulia kando ya moto. Mwandishi Henryk Sienkiewicz, yule aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1905, alisikia kwake hadithi ya mtu aliyemdanganya Mauti hata akaingia katika tundu la mti, kisha akaliziba. Sienkiewicz akaiandika. Lakini tazameni alivyofanya: aliiacha katika lugha ya mlimani, hakuisafisha kwa lugha ya mjini, akaiita kwa jina la mzee mwenyewe, yaani Hadithi ya Sabała. Naye Stanisław Witkiewicz alimweka mzee huyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1891, pamoja na maneno yake na ubishi wake.

Jambo hilo laonekana dogo, nami naliona kubwa. Kwetu vijana husikia hadithi za wazee, huziandika, kisha juu ya karatasi hutia majina yao wenyewe kwa herufi kubwa, na chini yake maneno haya tu: hadithi ya zamani. Mzee aliyesimulia usiku mzima amekwenda wapi?

Hata hivyo tusiwasifu waandishi wa Zakopane kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wageni wa majira ya joto. Waliona mlima mzuri na mchungaji shujaa; njaa hawakuiona sana, kwa kuwa walikwisha kurudi mjini ilipofika. Kazimierz Tetmajer, aliyezaliwa Ludźmierz karibu na hapo, aliijua lugha ya mlimani tangu utoto, na hadithi zake ni tamu kweli; lakini wanyang'anyi wake wapendeza mno, hata msomaji asahau kuwauliza wale walionyang'anywa. Ilibidi atokee mtoto wa wakulima maskini, Władysław Orkan, wa milima ya Gorce upande wa kaskazini, ili kitabu kiseme habari za mtu asiye na shamba wala nyumba yake. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1900. Mimi, kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ningechukua hicho, ingawa hakichekeshi.

Sasa nasema neno linalotuhusu sisi wa Kongo. Mwaka wa 1914, mwezi wa Agosti, alifika Zakopane Mpolandi mmoja pamoja na mke na watoto, akikimbia vita iliyomkuta Kraków. Alikaa miezi miwili kwa jamaa zake, akisoma vitabu vya Kipolandi. Huyo ni Joseph Conrad. Mwaka wa 1890 alikuwa amepanda mto wetu kwa meli kutoka Kinshasa mpaka maporomoko ya Kisangani, akaugua sana. Kitabu alichoandika baadaye kwa Kiingereza, mwaka wa 1899, kinashtaki tamaa ya pembe za ndovu, na hilo ni haki. Lakini watu wa mtoni wanasema ndani yake mara mbili tu, tena maneno machache. Waliobaki ni kelele, macho na mikono gizani. Mwaka wa 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alimlaumu waziwazi kwa hayo, nami nakubaliana naye. Wengine hujibu kwamba Conrad hakujua lugha za watu wale. Ni kweli. Lakini katika meli ile hakuketi mpiga zeze? Hakuna aliyesimulia jioni? Katika mji ule ule alimokimbilia, watu wa taifa lake walikuwa wameonyesha namna ya kumsikiliza mzee asiye mtu wa vitabu.

Mwaka wa 1903 watu wa Zakopane walisimamisha sanamu. Juu kabisa kuna kichwa cha daktari Chałubiński. Chini, miguuni pa nguzo, ameketi Sabała na zeze lake, anamtazama. Sanamu hiyo hainipendezi. Lakini karibu na kanisa la zamani la mbao kuna makaburi yaliyoanzishwa siku za Padri Stolarczyk. Humo wamelazwa daktari, Witkiewicz, Sabała, na Orkan aliyeletwa baadaye, wote katika udongo mmoja wenye mawe.