Sikio Kabla ya Spana

Land Rover Series III haijui kunyamaza. Gari hili, lililoundwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, lina giaboksi, lina transfa nyuma yake, lina propela mbili na difu mbili, na vyote hivyo hulia hata vikiwa vizima. Waliokuwa Arusha kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 walizisikia kelele hizo. Katikati ya milio hiyo yote, fundi anatakiwa kuutambua mmoja unaotangaza ubovu. Ufundi huu hausifiwi inavyostahili, kwa sababu sehemu yake kubwa humalizika kabla bolti hata moja haijalegezwa.

Tuseme mteja analeta Series III ndefu, ile ya 109, ya petroli, silinda 4, akiwa na malalamiko mawili: kuna muungurumo chini, na injini inapiga resi mno. Wapo watakaoshusha giaboksi siku hiyohiyo. Fundi anayeijua kazi huomba ufunguo, kisha humwambia mteja apande naye.

Barabarani, kwenye mwendo ambao mlio unasikika vizuri, anatoa gia na kuliacha gari liserereke huku injini ikirudi sailensa. Jaribio hilo tu limeshagawa gari vipande viwili. Mlio ukikatika, mshukiwa yuko kwenye injini, klachi au giaboksi. Ukiendelea na kufifia taratibu pamoja na mwendo, atafutwe kwenye vinavyozungushwa na magurudumu: transfa, propela, difu, beringi, hata kashata za tairi.

Kisha anabana zaidi. Difu inayolia mafuta yanapokanyagwa na kutulia yanapoachiwa inamwelekeza kwenye krauni na pinioni. Beringi ya gurudumu husikiliza uzito: gari likikata kulia, uzito huhamia kushoto, na beringi mbovu ya kushoto hupaza sauti. Kishindo kimoja klachi inaposhika humfanya aweke kabari, alale chini na kuitikisa propela kwa mkono. Krosi iliyolegea haijifichi hapo. Na kwa kuwa gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kupitia leishafti, muungurumo uliopo kwenye ya pili na ya tatu lakini ukapotea kwenye ya nne humtuma kwenye beringi za leishafti.

Linabaki suala la resi. Kilima kirefu, kama kile cha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, hutoa jibu mapema: gia ya juu, mafuta yakanyagwe. Injini ikipaa na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. Chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu dogo ambalo huzibwa kwa plagi gari linapovuka maji. Fundi hupitisha kidole hapo. Kikirudi na oili, hukinusa: oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa, ya injini haina. Kwa harufu hiyo anajua sili ipi imeachia, ya giaboksi au ya krenki, na kwamba huenda diski ya klachi imelowa.

Na klachi ikiwa nzima? Hapo inatakiwa kalamu. Tairi ya 7.50-16 husafiri karibu mita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Kwenye kilomita 100 kwa saa inazunguka takriban mara 667 kwa dakika. Zidisha kwa 4.7 ya difu, kisha kwa 1.148 ya transfa: injini iko karibu mizunguko 3,600 kwa dakika, ilhali nguvu yake ya juu kabisa hutoka kwenye 4,000. Gari halina ugonjwa. Ndivyo lilivyoundwa, na masikio yaliyozoea magari ya gia tano ndiyo yanayoshtuka.

Kutamka hivyo mbele ya mteja aliyekuja na pesa mfukoni ndiko kilele cha kazi hii. Fundi anapoteza malipo ya siku kadhaa kwa kusema kweli. Anachoweza kumshauri ni kutafuta ovadraivu ya Fairey, inayopunguza mizunguko kwa zaidi ya moja ya tano, au aridhike na kilomita 80 kwa saa, ambako injini hushuka chini ya 2,900. Kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka kelele iishe ni kumtoza mteja gharama za kubahatisha.

Basi, mwenye gari la zamani, ukisikia mlio usiende gereji na amri ya kubadilishiwa giaboksi. Mweleze fundi unasikika lini: ukikanyaga au ukiachia, kwenye gia ipi, kwa mwendo gani. Kisha umlipe saa aliyoitumia kusikiliza, hata kama hakufungua kitu.